Nimerithi Spectrum ya mjomba: nianze na asembla ipi?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Mtwara, mtaa wa Chikongola. Mjomba wangu aliyekuwa baharia alifariki mwaka juzi, na sanduku lake nikaachiwa mimi. Ndani nimekuta kompyuta ya ZX Spectrum 48K, haina adapta, pamoja na kaseti sita. BASIC yake nimeshajifunza kwa emuleta, programu ya laptopu inayoiga mashine hiyo, sasa nataka kuingia kwenye lugha ya mashine. Kinachonikwamisha ni asembla, yaani programu ya kugeuza amri kuwa lugha hiyo. Mmoja ananiambia nichukue sjasmplus, mwingine z88dk, mzee mmoja anasisitiza Devpac iliyotumika enzi zile, na kuna aliyenitajia ACME. Laptopu yangu ni ya zamani, RAM 2GB, na umeme wa huku unaujua mwenyewe. Nianze na ipi?

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Kwetu kusini mjomba akimwachia mpwa sanduku huwa ana maana yake, na wako nadhani alikuwa na maana kubwa. Spectrum ilitoka Uingereza Aprili 1982. Nchi yetu ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta tangu mwaka 1974, na huku bara hatukuwa na kituo cha runinga mpaka miaka ya 1990. Sasa kama aliileta miaka ileile ya 80, basi alileta kompyuta isiyoruhusiwa, inayotaka runinga ili ionekane, kwenye mji ambao runinga haikuwa na cha kuonyesha. Mabaharia ndivyo walivyo. Aliipitishaje bandarini mimi sitauliza.

Jibu fupi ni pasmo, asembla ambayo hakuna aliyekutajia. Kaa nayo miezi mitatu, minne, halafu uhamie sjasmplus siku utakapoona pasmo inakubana. Devpac iwekee akiba. ACME achana nayo kabisa, na nianze na hiyo kwa sababu ndiyo rahisi kuimaliza.

ACME ni asembla safi, lakini ni ya prosesa za familia ya 6502, ambazo zilikuwamo kwenye Commodore 64 na wenzake. Spectrum yako ina Z80. Asembla hufuata prosesa, haifuati umaarufu wa mtu aliyekutajia. Anayejua Kimwera akimsikiliza Mmakonde ataambulia neno hapa na pale, lakini hizi prosesa mbili hata salamu hazisikilizani. Chukua baiti 169. Kwa 6502 maana yake ni "pakia kwenye A namba inayofuata". Kwa Z80 baiti hiyohiyo ni XOR C, hesabu nyingine kabisa. Huyo aliyekushauri bila shaka anacheza na Commodore, na kwa Commodore ushauri wake ni mzuri. Mimi ningeongeza 64tass, na ningemkataza anayeanza kugusa ca65, kwa sababu hiyo inakutaka uelewe linka (programu ya kuunganisha vipande vya kodi) na faili la mpangilio wa kumbukumbu kabla hujaona hata herufi moja kwenye kioo. Waliobahatika kuliko wote walikuwa wenye BBC Micro ya mwaka 1981. Kwao asembla ilikaa ndani ya BASIC: unafungua mabano ya mraba katikati ya programu yako, unaandika lugha ya mashine, unafunga, basi. Sinclair, aliyeunda Spectrum, hakutupa zawadi hiyo.

Sasa, kabla hujachoma bando kupakua chochote, nataka ufanye zoezi moja bila asembla yoyote. Fungua emuleta yako, andika hivi:

10 CLEAR 32767
20 FOR n=32768 TO 32772
30 READ b: POKE n,b
40 NEXT n
50 RANDOMIZE USR 32768
60 DATA 62,2,211,254,201

Ukiiendesha, fremu inayozunguka kioo itakuwa nyekundu. Umeshaandika lugha ya mashine. Baiti 62 na 2 zinasema "weka 2 kwenye rejista A", yaani kijisanduku cha namba ndani ya prosesa. Baiti 211 na 254 zinasema "peleka A kwenye mlango namba 254", ambao ndio unaoshika rangi ya fremu, na 2 ni nyekundu. Baiti 201 ni RET, rudi ulikotoka, yaani kwenye BASIC. Sasa bonyeza kitufe chochote. Fremu inarudi kuwa nyeupe. Hujakosea kitu. Ule mlio mdogo wa kitufe unatoka kwenye mlango huohuo wa 254, na ROM, ile kumbukumbu ya kudumu yenye BASIC, inapoutoa hupeleka pia rangi ya fremu iliyoihifadhi yenyewe. Wewe ulibadilisha rangi mlangoni tu, hukuiambia ROM. Watu wengi huishia hapa wakidhani emuleta ni mbovu.

Baiti tano unaweza kuzibeba kichwani. Tujaribu kitu kikubwa kidogo, kuandika neno MTWARA kwenye kioo. Kwa mkono ingekuwa hivi:

62,2,205,1,22,33,15,128,126,183,200,215,35,24,249

halafu herufi sita za MTWARA, halafu sifuri. Jumla baiti 22. Tazama zile 33,15,128. Maana yake ni "weka kwenye HL (rejista mbili zikiungana) anwani ya ujumbe", na anwani hiyo ni 32783, ambayo imekatwa vipande viwili na kugeuzwa, kipande kidogo kikitangulia. Umeijuaje 32783? Umehesabu kwa kidole kutoka 32768. Tazama na ile 24,249 ya mwisho. Hiyo ni JR, ruka, na 249 ni namna ya prosesa ya kusema "nyuma hatua 7". Hiyo nayo umeihesabu. Sasa ukitaka kuongeza amri moja tu katikati, ujumbe unasogea, 15 inakuwa 16 au 18, na pengine 249 nayo inabadilika. Ukisahau moja, kompyuta inaganda au inajiwasha upya.

Hapo ndipo utakapoelewa asembla ni kitu gani. Wengi hudhani kazi yake ni kukuandikia 62 ukiandika LD A. Hiyo hata jedwali la kubandika ukutani lingetosha. Kazi yake kubwa ni lebo. Pale Mikindani mgeni akiuliza njia hakuna anayemtajia namba ya kiwanja. Anaambiwa fika Boma, kisha shuka. Zijengwe nyumba kumi katikati, maelekezo yale bado yanafanya kazi. Lebo ni hivyohivyo: unaita mahali "ujumbe", na asembla ndiyo inayohangaika kujua leo "ujumbe" iko anwani ipi.

Programu ileile ikiandikwa kwa asembla:

        ORG 32768
anza:   LD A,2
        CALL 5633
        LD HL,ujumbe
rudia:  LD A,(HL)
        OR A
        RET Z
        RST 16
        INC HL
        JR rudia
ujumbe: DEFB "MTWARA",0
        END anza

Ihifadhi kwa jina salamu.asm kwenye kihariri chochote cha maandishi matupu, hata Notepad, ila usitumie Word. Kisha kwenye dirisha la amri:

pasmo --tapbas salamu.asm salamu.tap

Faili la salamu.tap linalotoka ni kaseti kamili. Lina kipande kidogo cha BASIC mbele, kazi yake kupakia programu yako na kuiendesha. Unalifungua kwenye emuleta ya Fuse na MTWARA inatokea. Hakuna mradi wa kufungua, hakuna faili la mipangilio, hakuna kuandika kipakiaji mwenyewe. Ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuichagua, na ndiyo kipimo ninachokiamini kwa mtu anayeanza: inakuchukua muda gani tangu ukosee mpaka ulione kosa lako? Utakosea mara mia katika wiki ya kwanza. Kama kila kosa linakula dakika tano, utaichukia Z80 bure, na Z80 haina kosa. Weka pasmo na Fuse kwenye faili moja la amri, ukibonyeza mara moja zote mbili zinafanya kazi, na safari hiyo inakuwa ya sekunde chache.

Sababu ya pili ni laptopu yako. Pasmo ni programu ndogo ya bure, haihitaji kusakinishwa kwa mbwembwe, na RAM 2GB kwake ni ukumbi mkubwa mno. Kwa Windows unaiweka tu kwenye folda. Kwa Ubuntu au Debian imo tayari kwenye hazina yao, unaiita kwa apt.

Sasa nikuonyeshe pale ambapo wanaoanza hujikwaa, maana asembla hii ni mpole lakini si malaika.

Ule mstari wa mwisho, END anza, usiuone kama pambo. Pasmo huutumia kujua programu inaanzia wapi. Ukiuacha, kaseti itatoka vizuri, itapakia vizuri, halafu kimya. Kipakiaji hakijaambiwa kiendeshe nini. Nimeshaandikiwa na watu watatu wakilalamika kwamba pasmo haifanyi kazi, na wote watatu ugonjwa ulikuwa huo.

Zile amri mbili za mwanzo, LD A,2 na CALL 5633, zinafungua njia ya kuandika sehemu ya juu ya kioo. Ukiziacha, maandishi yako yanaweza kwenda mistari ya chini kabisa ambako BASIC huandika taarifa zake, na ile "0 OK" ikija inayafuta kabla jicho halijayaona. Na ile sifuri baada ya MTWARA ndiyo inayoiambia programu isimame. Ukiisahau, mashine inaweza kuendelea kuandika takataka zilizomo kwenye kumbukumbu mpaka ikutane na sifuri ya mtu mwingine.

ORG 32768 nimeichagua kwa makusudi. Kumbukumbu yako ya 48K inaanzia anwani 16384. Kuanzia hapo mpaka 32767, chipu inayochora kioo nayo inasoma, na Z80 hulazimika kuisubiri. Kuanzia 32768 kwenda juu, prosesa iko peke yake, haingoji mtu. Utakutana na mifano ya zamani inayoanzia anwani za chini. Mingi iliandikwa kwa ajili ya mashine za 16K ambazo hazikuwa na pa kwenda.

Mabano ndiyo yatakayokuumiza zaidi, kwa sababu hapo asembla haikuokoi. LD HL,23624 inaweka namba 23624 kwenye HL. LD HL,(23624) inakwenda kwenye anwani hiyo na kuchukua kilichomo. Zote mbili ni halali, zote mbili zinapita bila onyo, na moja tu ndiyo uliyokusudia. Programu ikikushangaza, kagua mabano kabla ya kitu kingine.

Kuna na hili ambalo hutalikuta kwenye vitabu vya Waingereza. Lebo zako ziandike kwa Kiswahili. Mimi huandika anza, rudia, kushoto, mpira, adui, na miezi sita baadaye nikifungua faili najua nilikuwa nawaza nini. Lakini epuka maneno yenye ng'. Kile kiapostrofi asembla inakichukulia kama mwanzo wa herufi zilizonukuliwa, kwa hiyo lebo ya ng'ombe itakuletea kosa ambalo utalisoma mara nne bila kulielewa. Niliandika mchezo mdogo wa kuendesha gari kutoka mjini Lindi mpaka Ng'apa, nikaiita lebo kwa jina la mahali, nikapoteza jioni nzima. Andika ngapa, wenyewe watakuwia radhi.

Mwisho katika hayo: lebo ianze mwanzoni kabisa mwa mstari, amri ziingie ndani kidogo. Si kwa sababu ya pasmo. Ni kwa sababu sjasmplus inadai hivyo, na ukizoea mapema hutasumbuka siku ya kuhama. Na ukikutana na mifano ya majarida ya zamani inayoandika #8000, ujue ni ileile $8000 au 8000h, ni namba 32768 kwa hesabu ya kumi na sita. Pasmo inazielewa zote tatu, kwa hiyo unaweza kunakili mifano ya watu bila kuitafsiri kwanza. Hiyo si faida ndogo kwa mtu anayejifunza kwa kunakili, na sote tulijifunza kwa kunakili.

Tuje kwa mzee wako wa Devpac. Namheshimu, na naelewa anachokisema. Devpac ni asembla inayoendeshwa ndani ya Spectrum yenyewe: unaipakia kwa kaseti, unaandika humohumo, inatafsiri humohumo. Michezo mingi iliandikwa hivyo. Lakini fikiria hesabu yake. Ukitoa sehemu ya kioo, 48K yako inabaki kama 41K. Humo inakaa asembla, yanakaa maandishi yako, na inatakiwa kukaa programu inayozaliwa. Wote wanalala chumba kimoja. Programu yako ikikosea ikaandika mahali pasipo pake, haijiui peke yake, inaiua asembla na inayaua maandishi.

Hilo nalijua kwa mwili wangu. Nilipokuwa mwanafunzi nilitumia mashine kama yako, ya kuazima, kwa usiku mmoja mmoja. Nilikuwa nimeandika mistari kama mia mbili ya mchezo wa bao. Nikasema ngoja niijaribu kwanza, nitahifadhi baadaye. Nilikuwa nimesahau RET moja. Prosesa ikapita mwisho wa amri ikaanza kusoma ujumbe wa ushindi kana kwamba nao ni amri, kioo kikapiga mistari, kisha yakatokea yale maandishi ya chini, © 1982 Sinclair Research Ltd, masafi kabisa, kama vile hatujawahi kuonana. Kuhifadhi kwenye kaseti kulikuwa kunachukua dakika chache tu, na uvivu wa dakika hizo ulinigharimu usiku mzima. Na hapo umeme haukukatika. Wewe unao wa kukatika juu yake. Laptopu ina betri na diski, Spectrum haina hata kimoja. Andika kwenye laptopu, jaribu kwenye emuleta, halafu mashine ya mjomba ipelekee kitu kilichoiva. Ukishaiva wewe mwenyewe, pakia Devpac Jumapili moja kwa heshima ya wazee.

Kuhusu sjasmplus, aliyekuambia hakukosea. Kwa uwezo ni bora kuliko pasmo kwa mbali. Ina makro nzito (jina moja linalosimama badala ya amri nyingi), inakuruhusu kugawa kazi kubwa vipande, inajua ramani ya kumbukumbu ya Spectrum ukiitajia DEVICE ZXSPECTRUM48, na inatoa picha kamili ya kumbukumbu kwa SAVESNA, ambayo emuleta inaifungua papo hapo. Kazi zangu kubwa nazifanya nayo. Kinachonifanya nisimpe anayeanza ni ukarimu wake uliopita kiasi. Mfano, andika LD HL,DE. Z80 haina amri hiyo. Haijawahi kuwa nayo tangu Zilog waitoe mwaka 1976. Lakini sjasmplus inakuelewa ulichotaka, na kimyakimya inakuwekea amri mbili, LD H,D na LD L,E. Kwa mzoefu ni huduma nzuri. Kwako ni mtego, kwa sababu utaondoka ukiamini kwamba prosesa yako ina kitu isichokuwa nacho, na siku utakapohesabu baiti zako au kasi yako, hesabu itakataa. Pasmo itakurudishia kosa na kukutajia mstari. Utakasirika, utafungua jedwali la amri, utagundua kwamba HL na DE zinaweza kubadilishana kwa EX DE,HL lakini haziwezi kunakiliana kwa amri moja. Hilo hutalisahau tena.

Utajua muda wa kuhama umefika ukianza kuwa na mafaili manne au matano yanayoitana, au ukijikuta unanakili mistari ileile kumi kila mahali. Kuhama si kazi: badala ya END utaweka mistari miwili mitatu ya sjasmplus, na kama ulifuata ule ushauri wangu wa lebo na nafasi, mengine yote yatapita kama yalivyo.

z88dk ni seti kubwa ya kuandikia programu kwa lugha ya C, na asembla ni chombo kimoja tu kati ya vingi vilivyomo. Ukitaka C siku moja, rudi kwake. Kwa sasa ni kununua jahazi ili uvuke mto.

Kitu kimoja zaidi cha pasmo ambacho wengi hawakitumii. Ukiongeza jina la tatu kwenye ile amri, kwa mfano salamu.sym, inakuandikia orodha ya lebo zako zote na anwani zake. Fanya hivyo kwa programu ya MTWARA, kisha linganisha na zile baiti 22 ulizohesabu kwa mkono. Utakuta anza ni 8000, rudia ni 8008, ujumbe ni 800F, zote kwa hesabu ya kumi na sita. Hiyo 800F ndiyo ile 32783 yako. Halafu fungua dibaga ya Fuse, chombo cha kuchunguza programu ikiendeshwa, weka kituo kwenye 8008, uiendeshe hatua moja moja huku ukitazama HL inavyopanda kila herufi. Hapa nakuomba usikimbie. Jioni moja ya kutazama rejista zikibadilika ina faida kuliko mwezi wa kunakili michezo ya watu.

Sasa mashine yenyewe, kwa kifupi, maana hukuniuliza lakini umesema adapta haipo na wewe ni fundi, kwa hiyo nina hofu. Usichomeke adapta yoyote ya volti 9 uliyoikuta kwenye droo. Ya Spectrum ina hasi katikati na chanya nje, kinyume cha adapta nyingi ulizonazo dukani, na inataka ampea 1.4. Pima kwa mita kabla hujaichomeka, kisha pima tena. Safu ya kwanza ya kumbukumbu yake inatumia chipu za 4116 zinazotaka volti za aina tatu, na ukizigeuzia umeme, kuzipata tena hapa kusini utazeeka. Kwa picha, inatoa mawimbi ya runinga kwenye chaneli 36 ya UHF, kwa hiyo tafuta runinga ya chogo au nyingine yoyote ambayo bado inapokea analogi.

Kuipelekea programu ni rahisi kuliko unavyodhani. Geuza salamu.tap kuwa sauti kwa tape2wav, inayokuja na zana za Fuse, iweke kwenye simu, chomeka waya wa spika kutoka kwenye simu kwenda tundu la EAR, si MIC, andika LOAD "" kisha cheza ukiwa umepandisha sauti karibu yote. Zima milio ya ujumbe kwanza, maana WhatsApp ikilia katikati upakiaji umekufa. Programu ndogo kama yetu inaingia kwa kama sekunde ishirini, na nyingi ya hizo ni ule mlio mrefu wa kujitambulisha.

Lakini kabla ya yote haya, kaseti sita. Zile zilizochapwa jalada la dukani haziendi popote, watu wameshazihifadhi duniani kote. Zitazame kama ipo iliyoandikwa kwa kalamu, mwandiko wa mjomba. Hiyo usiipakie kwanza, na usiirudishe nyuma kwa redio inayotafuna kanda. Safisha kichwa cha redio kwa spiriti, icheze mara moja tu, uirekodi yote kwenye laptopu kama WAV pande zote mbili, ndipo ujaribu kuifungua kwenye Fuse. Ukikuta humo kuna kipande cha lugha ya mashine, niandikie namba za baiti zake tuzisome pamoja.